Mzee Aliyekataa Mkono Wangu

Nina diploma ya usingizi wa upasuaji na miaka sita ya kazi ng'ambo, vyote kwa jasho langu. Tangu nirudi kufanya kazi hospitali ya Nyamira nimekuwa nikiwafundisha wenzangu bila kuombwa.

Juzi tulimpasua tumbo mzee kutoka Nyamache. Tulipomaliza nilimpa dawa ya kuondoa ile iliyolegeza misuli. Akafumbua macho, mpira wa kupumulia ukiwa bado kooni. Sikuweza kuutoa kabla ya kujua kwamba nguvu zimemrudia.

"Baba, nishike mkono, ukaze!"

Akafumba macho. Mkono ukalala tu.

"Bado amelegea," nikatangaza. "Namlaza tena. Pigieni hospitali ya Kisii watutayarishie kitanda ICU, kwa wagonjwa mahututi."

Nilikuwa nimeshaishika sindano muuguzi Kwamboka aliponizuia. "Dada, ngoja." Akampa mkono wake. Mzee akaubana hadi Kwamboka akapiga yowe, kisha akainua kichwa.

Nikautoa mpira. Nilikuwa karibu kumlaza tena mtu mwenye nguvu zake zote!

Mzee akakohoa, akamwambia Kwamboka, "Huyu ni mke wa mtoto wa ndugu yangu. Nilikula harusi yake. Huko ng'ambo wanashika wakwe mikono?"