Fundi Sifaeli na gari lililosubiri jubilei

Saa saba kasoro mchana, Jumapili, nje ya kanisa la Kilutheri huko Kijenge, Arusha, Sifaeli Akyoo anaufunga mkungu wa ndizi mkanda wa gari.

Ameununua dakika tano zilizopita kwenye mnada wa sadaka, ule wa kila baada ya ibada, ambapo mayai, maziwa na kuku walioletwa na waumini hunadiwa uwanjani. Gari lake ni dogo, jekundu, liko chini karibu na ardhi, na paa lake la turubai limekunjwa nyuma. Lina viti viwili tu. Kimoja ni chake, kingine leo ni cha ndizi.

"Mzee Akyoo, utomvu huo!" mama mmoja wa kwaya anamkemea. "Utaharibu ngozi ya kiti!"

"Acha iharibike, mama. Kiti ni cha kukaliwa."

Watu wanacheka. Wanaomjua wanacheka kwa mshangao, maana huyu ni fundi wa viti vya magari, mtu ambaye kwa miaka thelathini amewaambia wateja kwamba utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye ngozi hautoki hata kwa maombi. Isitoshe, ni yeye huyo huyo aliyelificha gari hili nyumbani kwake Lemara kwa miaka ishirini, akiwa hataki hata paka alale juu ya boneti.

Sifaeli ana umri wa miaka hamsini na tisa. Karakana yake ni banda la mabati pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, lenye cherehani moja nzito, meza ya kukatia na marobota ya ngozi ya bandia. Wiki nzuri anashona seti mbili za viti. Wiki mbaya haoni hata moja, kwa sababu siku hizi kava za dukani huvalishwa kwa dakika ishirini na mtu akaondoka zake. Seti ya gari aina ya Noah anaishona kwa laki tatu, na zaidi ya nusu inaishia kwenye vifaa.

"Silali njaa," anasema. "Shida yangu si chakula. Shida ni kwamba nakula peke yangu."

Analitamka hilo huku akitafuta funguo mfukoni, kisha anawasha gari, na mazungumzo yanakatizwa na mngurumo ambao watoto wa shule ya Jumapili wameusubiri tangu asubuhi.

Gari hilo la michezo, la Kijapani, alilinunua mwaka 2003 kwa daktari wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa haliwaki, likavutwa kwa kamba mpaka Lemara. Mke wake, Kaanaeli, mpishi wa shule, alipoliona alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Aliniuliza kama nimenunua gari au sanduku," anakumbuka Sifaeli. "Lakini jioni nikamkuta amekaa ndani, ameshika usukani, anatabasamu peke yake."

Kaanaeli ndiye aliyechagua rangi ya ngozi: damu ya mzee, ile nyekundu ya kiza. Sifaeli alivishona viti vyote viwili kwa miezi miwili, mshono mdogo mdogo, kazi ambayo mpaka leo anasema hajawahi kuirudia. Alipomaliza, akavivika nailoni. Ya kiti chake aliitoa wiki hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa inamtelezesha akikanyaga klachi. Ya kiti cha mkewe akaiacha, akaibana kwa gundi pande zote.

"Nilimwambia, mama Brenda, hiki kiti chako hakikaliwi mpaka jubilei."

Kwa Walutheri wa Meru, ndoa ikifikisha miaka ishirini na mitano, wanandoa hurudi kanisani wakabarikiwa upya. Huchinjwa mnyama, hupigwa vigelegele, na bibi na bwana huja na msafara kama siku ya kwanza. Sifaeli na Kaanaeli walifunga ndoa Desemba 1996. Hesabu ilikuwa rahisi: Desemba 2021 wangeteremka kanisani kwa gari jekundu, paa wazi, Kaanaeli kwenye kiti kipya kabisa.

Kaanaeli akalibatiza gari jina: Jubilei. Injini ilipokwisha kutengenezwa, kila Jumamosi mumewe alilivua turubai lililolifunika, akaketi, akawasha injini, akaiacha iungurume robo saa, akazima. Getini hakutoka. Kaanaeli akipika alikuwa akiuliza kwa sauti kupitia dirishani, "Jubilei imeamka?" Naye akijibu, "Imeamka." "Haya, ilaze." Utani huo waliucheza kwa miaka kumi na saba, na hakuna aliyeuchoka.

Pasaka ya mwaka 2021, Kaanaeli aliomba kitu. Alitaka kwenda kwao Nkoaranga, kwenye miteremko ya mlima, kwa gari hilo. Mara moja tu.

"Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nikamwambia tope litaingia chini, litaozesha bodi. Nikamwambia, mama Brenda, miezi minane tu imebaki, vumilia." "Akavumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia sana."

Mwezi uliofuata presha ilipanda ghafla, na Kaanaeli akafariki.

Kilichotokea siku ya msiba Sifaeli anakisimulia akiwa ameinamia meza yake ya kukatia. Waombolezaji walijaa uani. Viti vya plastiki havikutosha, na wengine wakaegemea gari lililofunikwa, wakaweka sahani za pilau juu ya turubai. Mgane huyu akatoka ndani, macho yamevimba, akawaomba watu waondoe sahani wasije wakalikwaruza.

Brenda, mtoto wao wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia.

"Hakusema kitu siku ile," anasema Sifaeli. "Angenitukana ningeshukuru. Sijui nilikuwa na akili gani. Mke wangu yuko kwenye jeneza sebuleni, mimi nawazia rangi ya gari."

Brenda ni mwalimu wa shule ya msingi Singida, ameolewa na ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Kwa watu wa Meru, Krismasi ni ya kurudi nyumbani, hata uwe wapi. Brenda hajarudi kwa Krismasi nne mfululizo. Hupiga simu mwisho wa mwezi, huuliza afya, hukata. Sifaeli anamjua mjukuu wake kwa picha tu.

Kinachomkosesha baba huyu usingizi ndicho hicho, wala si kava za dukani.

Baada ya msiba hakuligusa gari kwa miaka mitatu. Julai ya mwaka jana, baridi ikiwa kali, alifungua turubai akitafuta jeki ya kumwazima jirani. Akaona nailoni ya kiti cha Kaanaeli imekuwa nyeupe kwa ndani. Akachukua wembe, akaikata pembeni.

Ngozi ilikuwa imeota ukungu kuanzia mgongoni mpaka kwenye kalio. Mishono ilikuwa imeachia. Sponji ilinuka udongo. Unyevu wa Arusha ulikuwa umeingia chini ya nailoni miaka mingi iliyopita na haukupata pa kutokea. Pembeni yake, kiti cha dereva, ambacho Sifaeli alikikalia kila Jumamosi kwa ovaroli yenye grisi, kilikuwa laini, kinang'aa, kizima.

"Mimi ni fundi," anasema. "Nimewaambia watu wangapi wasitoe nailoni? Wamenilipa, wamenishukuru. Kumbe nilikuwa nawaambia waozeshe viti vyao."

Alikaa chini kwenye sakafu ya uani akalia, kisha akainuka akaenda Sakina kumwita Mikidadi.

Mikidadi ni makenika wa karakana ya jirani, rafiki yake wa miaka mingi, mtu wa maneno. Alipolifungua gari alikuta mipira imekakamaa, breki zimeshika, tairi zimepasuka bila kukanyaga lami.

"Nilimwambia, Sifa, gari lako lina kilomita elfu arobaini na moja," anasema Mikidadi. "Noah yangu ina laki tatu na themanini. Lakini ukiyaweka pamoja, la kwako ndilo babu. Akaniuliza litatembea? Nikamwambia litatembea, ila ukilirudisha kwenye turubai usiniite tena, mimi si mzishi."

Kiti cha Kaanaeli alikishona upya, rangi ile ile. Safari hii hakukivika kitu. Na tangu siku hiyo, kila mteja anayechukua gari lake Sakina anakabidhiwa viti bila nailoni, apende asipende. Wawili wamegombana naye.

Safari ya kwanza alikwenda Nkoaranga. Alipofika, Agnela, dada wa marehemu, alitoka migombani akajifuta mikono, akalitazama gari, akakitazama kiti.

"Shemeji, karibu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Sifaeli hakuimaliza hata chai. "Nililia kutoka Usa River mpaka Tengeru," anasema. "Na paa nilikuwa nimefungua. Watu wote wa barabarani wananiona, mzee mzima, ndani ya gari la vijana, analia. Kuna mwenye pikipiki aliniandama kuniuliza kama nimeibiwa."

Anacheka akisimulia hilo, na ni kweli linachekesha. Lakini alirudi barabarani Jumatano iliyofuata, na iliyofuata tena.

Jumatano wateja ni wachache. Sifaeli anafunga banda saa nne, anavaa kofia ya sufu, anafungua paa na kushika barabara ya mchepuo. Matuta anayajua yote. Huyavuka mshazari, tairi moja baada ya jingine, kwa sababu tumbo la gari liko chini, na hata hivyo linakwaruza, naye anasema "pole" kana kwamba kuna mtu amekanyagwa. Yakiisha, anaingiza gia ya tatu, kisha ya nne. Upepo unapiga masikio. Mashamba ya mahindi yanakuja na kupita, mlima Meru unatoka mawinguni upande wa kushoto, na bega la fundi, lililopinda kwa kuinamia cherehani, linanyooka. Hapo anakuwa mtu mwingine. Anaimba pambio kwa sauti mbovu.

Kioo cha mbele kimepigwa na kokoto. Mlango una mkwaruzo wa baiskeli. Havimsumbui. Yeyote anayeomba lifti anapewa. Lerionka, mlinzi wa yadi ya jirani, alipanda na rungu lake mpaka Tengeru na kurudi, akashuka akisema amekaa chini kiasi cha kuonana macho kwa macho na mbuzi.

Lakini siku nyingi hakuna anayeomba. Sifaeli anakiri kwamba akikata kona hutupa mkono wa kushoto pembeni, kumzuia mtu asiyumbe. Mkono hukuta hewa. "Huo mkono ndio haujakubali," anasema.

Mwezi uliopita alikuja meneja wa hoteli moja ya kitalii nje ya mji. Alitaka kulinunua gari, aliweke ukumbini juu ya zulia, lizungushiwe kamba, watalii walipige picha. Bei aliyotaja ingemwezesha Sifaeli kulifunga banda na kuupumzisha mgongo wake. Alipewa wiki moja afikirie.

Alimpigia Brenda. Jibu lilikuwa fupi: "Liuze tu, baba. Mimi sitaki kuliona."

Basi akaamua kuuza. Ijumaa meneja akarudi na karatasi zake. Walipeana mikono, na katika kumtuliza mzee, meneja akasema, "Usiwe na wasiwasi kabisa. Pale litatunzwa. Hakuna mtu atakayeligusa tena."

Sifaeli akaurudisha mkono wake.

"Nilimwambia samahani, kijana wangu, nimekusumbua. Akadhani nataka aongeze. Nikamwambia hapana. Hilo neno lako, mimi mwenyewe nimelisema miaka ishirini, na unaona nimebaki na nani."

Siku hiyo hiyo alimpigia tena Brenda kumwambia hakuuza.

"Kwa hiyo unalipanda," Brenda akasema.

"Ninalipanda. Kila Jumatano na Jumapili."

"Mama alilitaka hilo gari mara moja tu, baba. Mara moja."

"Najua, mwanangu. Nilimnyima. Na zile sahani siku ya msiba, nilikosea. Nisamehe."

Anasema maneno hayo alikuwa nayo mdomoni kwa miaka minne, na kila mwisho wa mwezi simu ilikatwa kabla hayajatoka. Safari hii Brenda hakukata. Sifaeli alimsikia akipenga kamasi. Kisha sauti ya mtoto ikauliza kitu, na mama yake akamjibu kwa mbali.

"Krismasi tutajaribu kuja," Brenda akasema hatimaye. "Lakini tuko watatu, baba. Mimi, mume wangu na mtoto. Hilo gari lina kiti kimoja cha abiria. Utatupokeaje stendi?"

"Nitawabeba mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja mpaka Lemara?"

"Mmoja mmoja. Siku nzima ni yangu."

Brenda hakuahidi zaidi ya hapo. Alisema tutaona.

Krismasi bado miezi mitano. Jumatatu ya wiki hii Sifaeli alichelewa kufungua banda lake, na Mikidadi akawaambia wateja wamsubiri. Alikuwa amekwenda stendi, kuuliza basi la Singida huingia saa ngapi.