Swali la nne kwenye zoezi la ufahamu la mpwa wangu limenivuruga

Salaam wakuu.

Niseme mapema, hii siyo chai ya kutunga. Yametokea kwangu hapa mtaani Area D na mpaka naandika kichwa hakijakaa sawa.

Naishi na mpwa wangu, tumwite Zuhura, yuko darasa la tano. Mama yake ni dada yangu mdogo, anafanya biashara ya mahindi Kibaigwa. Leo yuko vijijini ananunua, kesho anapakia lori, sasa mtoto atamweka wapi? Ndiyo maana anasoma hapa kwangu.

Dada huwa anakuja akipata nafasi. Muda wa kuondoka ukifika, Zuhura anatumwa dukani. Akirudi, mama hayupo.

Msishangae, kwetu ni kawaida. Ukiaga, mtoto analia, na nani anataka kupanda basi huku mtoto anagaragara chini? Hata mimi nilikuwa natorokwa hivyohivyo na nimekuwa mtu mzima mwenye akili zangu. Nadhani.

Basi, shuleni wanasoma riwaya ya watoto kuhusu njaa iliyoipiga Ugogo enzi za ukoloni. Mvua imegoma, ng'ombe wamekufa, mama mmoja anampeleka binti yake kwa jamaa wenye akiba ghalani. Binti awe anachunga ndama, naye apate kula. Siku ya kumwacha, mama anamtuma kisimani. Binti anarudi na maji, mama hayupo.

Hapo tu nilitakiwa nishtuke. Sikushtuka.

Swali la nne likauliza: kwa nini mama aliondoka bila kuaga?

Zuhura aliandika, "Kwa sababu angeulizwa anarudi lini."

Nikaona huu ni utoto. Nikamwambia afute, aandike kwamba mama alimpenda sana na hakuweza kumwona akilia. Alinitazama kidogo, akafuta. Hakubisha.

Daftari likarudi na mkasi mwekundu wa kukosa. Wakuu, nina digrii na nimekosa swali la darasa la tano!

Kazini nikawauliza wenzangu. Karibu wote walisema jibu langu ndilo sahihi, mmoja akasema mwalimu ana roho mbaya. Nikapata nguvu, nikaenda shule.

Mwalimu ni binti mdogo tu, mpole. Hakubishana na mimi. Alinifungulia kitabu, akaniomba nisome ukurasa unaofuata. Mama yuko njiani peke yake, anajisemea kwamba bora hakuaga, maana mtoto angemuuliza siku ya kurudi, na yeye hata mvua hajui itarudi lini.

"Mzazi," akaniambia, "jibu linatoka kwenye habari, siyo nyumbani."

Nilitoka pale sielewi. Kama jibu la Zuhura liko kitabuni, sawa, labda alisoma vizuri kuliko mimi. Ila nilipomuuliza, akasema ule ukurasa alikuwa hajaufikia siku anaandika.

Sasa alijuaje? Hilo swali lilinikosesha raha. Nilianza kuhisi kwamba mtoto hakuwa anajibu kuhusu njaa ya zamani.

Dada akaja wikiendi iliyofuata. Tukala, tukacheka, muda wa kuondoka ukafika. Akamwita Zuhura amtume chumvi. Zuhura hakusogea.

"Nitaenda ukishaondoka, mama. Unarudi lini?"

Dada yangu huyu anawashinda madalali wa Kibaigwa kwa mdomo. Siku hiyo alinigeukia mimi nimjibie. Mimi nikatazama TV.

Mwishowe akasema, "Sijui, mwanangu. Msimu huu kwa kweli sijui."

Nikajiandaa kwa kilio. Zuhura akasema haya, akabeba mkoba wa mama yake, tukamsindikiza mpaka barabarani. Aliyelia ni dada, ndani ya bajaji, hadi dereva akauliza kama tumefiwa.

Tulivyorudi ndani nikamuuliza Zuhura kwa nini hakulia.

"Nilikuwa nadhani anajua halafu hataki kuniambia," akasema. "Kumbe hata yeye hajui."

Akaenda kuvua viatu.

Nimeumia, sikatai. Huyu mtoto amekaa na wazo hilo nyumbani kwangu muda wote huu, na mimi nikijua anatumwa dukani tu.

Nilichojifunza ni kwamba tunapowatoroka watoto tunasema tunawaonea huruma, ila sina uhakika tena tunamwonea huruma nani. Labda ni sisi ndio hatuwezi kuulizwa. Au labda mama wa kwenye kitabu alimpenda pia, na mwalimu angenipa hata nusu maksi. Bado sijui.

Nyie wenzangu, mnaaga watoto au mnawatoroka? Na mliotorokwa utotoni, semeni ukweli, mlikuwa mnawaza nini mkirudi na chumvi mkononi?