Safari Isiyo na Msiba

Verediana wa Ujiji, mke wa Pastory fundi wa injini za boti, anajulikana kwa sabuni na kwa ubishi. Sabuni yake ni ya mawese, mche mrefu wa rangi ya udongo, na povu lake haliombwi mara mbili. Ubishi wake ni wa namna nyingine: akisema atafanya jambo, analifanya, hata kama mtaa mzima umekaa pembeni kumwangalia anavyoanguka. Alianza na sufuria ya kuazima. Kostiki, ile dawa kali ya kugandishia mafuta, ilimbabua mikono mpaka leo alama zipo. Waliomcheka enzi zile walikuwa wengi, na wote sasa wanafulia sabuni hiyo hiyo. Majina tuyaache, wenyewe wanajijua.

Mwaka huu, shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, mwalimu Elinipa, mtu wa Same aliyeletwa Kigoma na ajira, alipita nyumbani kununua sabuni. Alikuwa na kicheko tumboni. Akaeleza kwamba aliwaambia watoto darasani wasimame, kila mmoja asimulie safari iliyomfurahisha. Agnesi, binti wa Verediana, wa miaka tisa, akasimama bila woga akasimulia mazishi ya babu yake kule Kidahwe. Akalieleza lile lori walilopanda, mkeka mmoja waliolalia na binamu zake, wali na nyama, na jinsi walivyocheza kombolela hadi jeneza lilipoletwa.

"Darasa zima hoi, mama Davis," alisema Elinipa. "Na mimi mwenyewe nilishindwa kujizuia."

Verediana naye alicheka, akamfungia sabuni yake, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi aliketi kwenye kigoda na kicheko kikamtoka chote. Alijaribu kukumbuka mahali ambapo watoto wake wamewahi kwenda bila kufuata maiti, akakosa. Davis, mkubwa wao, alifika Kagunga shangazi alipozikwa. Alifika Kasulu, na huko pia kulikuwa na kaburi linasubiri. Leonardi mdogo alipelekwa Kidahwe mgongoni. Na Bibi Genoveva, mama yake Pastory, mjane anayeishi Simbo na mihogo yake, aliwahi kupanda treni mpaka Tabora, akiwa amekaa karibu na maiti ya kaka yake njia nzima. Hakuna gari ambalo mama yule alilipanda akiwa amekauka macho. Jambo hilo lilimuuma Verediana kuliko kostiki.

Basi akakata shauri. Mwezi wa tisa, shule zikifungwa kwa likizo fupi, familia yote itakwenda Unguja. Siyo kuzika, siyo kuozesha, siyo hospitali. Kutembea tu. Na Bibi Genoveva atakwenda nao, kwa sababu miaka yote Verediana alipokuwa akihangaika na madumu ya mawese, ni Bibi aliyewafunga watoto wale mgongoni, na sasa miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia. Mwaka mmoja au miwili zaidi, asingeweza tena.

Pastory alisikiliza huku akifuta grisi vidoleni.

"Mama Davis, maji tunayo hapa. Mchanga tunao. Mpaka samaki wetu ni watamu zaidi."

"Na vyombo tunaoshea hapo hapo, na nguo tunafulia hapo hapo. Mwanao Agnesi akiliona ziwa anaona ndoo. Nataka maji ambayo hakuna atakayemtuma kuyachota."

Pastory ni mtu mwema, na wema wake mkubwa ni kujua wakati wa kunyamaza. Aliuliza tu treni inaondoka siku gani.

Mipango ikaanza, na hakuna raha kama ile. Kikoba cha Verediana, chama chao cha akiba, kilikuwa kimevunjwa na kila mtu kupewa chake, na wakati wenzake wananunua mabati, yeye alikata tiketi. Jirani yake Ziada, fundi cherehani, ana binamu Jambiani, huko Unguja, anayepangisha vyumba. Wakaelewana kwa simu, mambo yakaisha. Ziada akashonea familia nzima kitenge kimoja, chenye maua ya njano, maana Verediana alisema wakipiga picha ufukweni waonekane ni watu wa mtu. Davis akawa hashikiki. Kila akipita anasema, "Tunaenda kula bata, nyie!" mpaka mama yake akamtishia kumwacha. Leonardi aliuliza kama kisiwa kinaelea, na kama kinaelea, kamba yake imefungwa wapi.

Lakini Bibi bado. Verediana alikwenda Simbo kumwambia, akamkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwana wanje," Bibi alijibu, yaani mwanangu kwa Kiha. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi harusi ya nani?"

"Hakuna harusi, Mama. Tunataka kwenda Unguja wote, na wewe. Kutembea."

Bibi Genoveva aliweka kisu chini. Alitaka kujua mtu anatembeaje mpaka Unguja bila jambo. Verediana alipomaliza kueleza, mama mkwe alitikisa kichwa. Yeye ni mjane, alisema, na ni mzee. Watu wa Simbo watasema amechanganyikiwa, ameacha shamba mvua zinakaribia, amekwenda kuchezea maji na watoto. Hapana. Verediana akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa hapana. Akarudi tena na Leonardi, ambaye alipanda mapajani kwa Bibi akamuuliza ni nani atakayemshika mkono mawimbi yakija. Hapo mama akalegea, lakini kwa sharti.

"Nitakwenda. Ila msiseme tunakwenda kustarehe. Semeni tuna jambo la kifamilia. Niahidi."

Verediana aliahidi, kwa shingo upande. Kazi yote ile, moshi wote ule, halafu furaha yake aifiche kama mtu aliyeiba kuku! Alilia kidogo njiani. Lakini alitaka Bibi aende kuliko alivyotaka kujisifu, basi akavumilia.

Tangu siku hiyo, kila aliyeuliza alijibiwa, "Tuna jambo la kifamilia." Mtu wa kwetu yeyote anajua kosa liko wapi. Huku kwetu hakuna anayeiita harusi jambo la kifamilia. Harusi inatangazwa, michango inadaiwa mpaka kwa wasiokujua. Ukisema jambo la kifamilia na kuinamisha kichwa, umeshasema kilichobaki.

Siku moja kabla ya safari, mchana, Bibi aliwasili kutoka Simbo na begi lake. Pastory alifunga karakana mapema. Verediana alikuwa uani anakaanga samaki, migebuka ya kula njiani, na sufuria kubwa ya mihogo inachemka kwenye mafiga. Ziada alikuja amebeba nguo, zote za kitenge kimoja. Mtu akipita barabarani aone nini? Mama mzee ameletwa, sufuria kubwa jikoni, sare zimeshonwa, na mwenye nyumba amefunga kazi.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama Regina, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, na nyuma yake wanawake wenzake na unga, maharage na kuni kichwani, wakiimba kwa sauti ya chini. Nyuma yao Mzee Leodgar, mtunza viti vya mtaa, na vijana wakisukuma mkokoteni wenye viti. Mama Regina alitua unga wake, akamkumbatia Verediana kwa nguvu.

"Yoo, mwanangu, pole! Pole sana!"

Verediana aliganda na kijiko mkononi. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake Urbanus, anayevua Kagunga na ambaye hapokei simu hata umfanye nini. Wamepata habari kabla yangu, alijisemea. Akapiga ukelele uliofika msikitini. Wanawake walipomsikia wakajua hakika kuna maiti, nao wakaangua kilio. Agnesi alitoka ndani, akamwona mama yake, akalia. Leonardi akalia kwa sababu Agnesi analia. Pastory akaja mbio na kiatu kimoja, akajishika kichwa.

"Nani? Jamani, nani?"

"Sisi ndio tunataka kujua, baba," alijibu mama Regina huku akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mlisema jambo la kifamilia, hamkumtaja marehemu."

Kilio kilikatika. Verediana alimwangalia mama Regina, akaelewa: kwa hiyo Urbanus ni mzima. Akashusha pumzi. Ziada, ambaye alijua kila kitu na aliapishwa kutosema, alikuwa ameuma ushungi wake na mabega yanamtikisika. Watu wote sasa wakamgeukia Verediana. Mzee Leodgar alikuwa ameshika kiti, hajui akishushe au akirudishe.

Verediana alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama mlangoni. Uongo ulikuwa karibu kabisa. Katika ukoo mkubwa hakosekani mzee wa mbali aliyefariki mwezi uliopita. Angetajwa jina, watu wangesema pole, safari ingeendelea na heshima ya mama ingebaki salama. Lakini unga ulikuwa pale chini, wa watu ambao wengine hawana wa kutosha kwao. Naye alikuwa ameahidi. Alifunga mdomo, akasubiri, na moyoni akamwomba Mungu amwepushe na kudanganya juu ya unga ule.

Bibi Genoveva alishuka ngazi polepole, akishika ukuta. Alisimama katikati ya ua.

"Hajafa mtu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia hawa wafiche. Niliona aibu."

Akawageukia wanawake wa jumuiya.

"Mnanijua. Nimepanda lori nikilia, nimepanda treni nikilia, nimepanda boti nikilia. Nilidhani safari ndivyo zilivyo. Sasa huyu mkamwana wangu, huyu mnayemwona na mikono yake iliyoungua, amechemsha sabuni mpaka amepata nauli ya nyumba nzima. Anatupeleka Unguja, kisiwani, mimi na wajukuu zangu. Hatuendi kuzika. Hatuendi kuozesha. Tunakwenda kutembea, na ni yeye anayetupeleka. Nani mwingine hapa amepelekwa na mkamwana wake? Asimame nimwone!"

Hakusimama mtu. Ziada aliachia ushungi wake, akapiga kigelegele kilichokuwa kimembana tangu asubuhi, na wengine wakadakia. Mama Regina alicheka huku machozi ya kilio bado hayajakauka. Verediana hakucheka. Alisimama pale na kijiko chake, akijivuna mpaka kifua kinamuuma, na safari hii alilia kwa haki yake.

"Viti je?" Mzee Leodgar aliuliza.

"Shusheni," alisema Pastory. "Watu wakae."

Unga ukasongwa ugali, migebuka ya safari ikaliwa yote, ikabidi Davis atumwe Kibirizi, kwenye mwalo wanakotua wavuvi, kutafuta mingine. Hakuna aliyenung'unika. Watu walioacha shughuli zao kuja kulia walikula wakauliza habari za bahari, kama ni kweli maji yake huondoka mchana na kurudi, na kama kweli kuna watu wanalala juu ya mchanga hawaumwi. Mwalimu Elinipa alipita akavutwa akae naye.

Verediana alipopata nafasi alimpelekea mama mkwe wake maji ya kunawa, akapiga magoti mbele yake. Bibi Genoveva alinawa taratibu. Kisha akamvuta karibu, akamuuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia njia ya mji asioujua.

"Sasa niambie, mwana wanje. Tukifika huko, mimi kazi yangu itakuwa nini?"

"Hakuna kazi, Mama."

"Hata kupika?"

"Hata kupika."

Bibi alikaa akitazama viganja vyake vilivyolowa, akavigeuza huku na huku.

"Basi mtanifundisha," alisema.