Mkanda Uliopasuliwa Ukabaki Mmoja

Kaka yake alimsingizia ujinga. Siku baba yao alipotaka kumwandikisha shule, kaka alisema, "Huyu hata kuhesabu mpaka kumi hawezi, baba. Atatutia aibu." Baba akaamini, mama akaamini, msichana akabaki nyumbani na ufagio. Wala kaka hakukosea, alidanganya makusudi. Jana yake tu dada huyo alikuwa amemfanyia hesabu zote za mara tisa, kwa vidole, huku akimenya viazi. Kaka aliogopa dada akikaa darasani, mwalimu atajua majibu yalikuwa yanatoka wapi.

Leo kaka ni mwalimu wa hesabu. Dada ni fundi cherehani, ana miaka arobaini na saba, na wenzake wawili katika chumba cha kushonea wanamwita Vidole. Mwulize tisa mara saba: ananyoosha vidole kumi, anakunja cha saba, anasoma kushoto sita, kulia vitatu. "Sitini na tatu! Lete nyingine!" Yai bichi na la kuchemsha anayatenganisha kwa kuyazungusha mezani. Lililochemshwa linazunguka kama pia, bichi linapepesuka kama mlevi, naye anacheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaona.

Asubuhi moja mwenzake wa cherehani ya dirishani, mama mnene, alipiga yowe. Alikuwa ameunga ncha za mkanda wa kiuno wa sketi bila kuona kwamba ncha moja imejipindua. Akashika wembe afumue.

"Usifumue!" Vidole akamrukia na mkasi. "Shoga, nikiupasua huu katikati, kuzunguka wote, nitapata mikanda mingapi?"

"Miwili. Swali gani hilo?"

Mkasi ukazunguka, krr, krr, mpaka ukarudi ulikoanzia. Vidole akainua mkono. Mkanda ulikuwa mmoja, mwembamba, mrefu mara mbili.

Yule mama akainama chini ya meza kutafuta wa pili. Akapekua kikapu cha vipande, akajipapasa hata kifuani. "Umeuficha wapi, mchawi wee?" Mwenye chumba, mjane asiyecheka ovyo, akaukagua mkanda kwa miwani, kisha bila miwani, kisha akakaa sakafuni akishika mbavu. Sketi ikasahauliwa. Wakapindua vipande vingine, wakaviunga, wakavipasua, kila kimoja kikawakatalia vilevile.

Ndipo kaka akaingia kuchukua suruali yake.

Vidole akasimama na mkasi mkononi. Maisha yake yote alikosa mashahidi, na sasa hawa hapa wawili, wamekaa sakafuni.

"Kaka, mtihani mdogo tu. Ukishindwa, uwaambie hawa nani alikuwa anakufanyia mara tisa."

"Na nikishinda?"

"Suruali naibeba kichwani mpaka kwako, nikiimba sifa zako njia nzima."

Vidole akamwinulia mkanda mwingine uliojipindua: ukipasuliwa katikati, itapatikana mingapi? Mwalimu akacheka. "Miwili. Hata mtoto anajua."

Krr, krr. Mmoja.

Akafuta miwani. Jasho likamtoka puani. "Haya, nimeelewa mchezo wenu. Huu ukipasuliwa tena utabaki mmoja, mrefu zaidi."

Krr, krr. Safari hii ikatoka miwili, tena imeshikana kama pete za mnyororo.

Yule mama akaangukia marobota ya vitambaa. "Mwalimu! Ukisema miwili, mmoja! Ukisema mmoja, miwili! Wanafunzi wako wana kazi!"

Kaka akaivuta huku na huku, isiachane. "Hii inakuwaje?"

"Sijui inakuwaje. Timiza ahadi kwanza," Vidole akasema. "Sema."

Mwalimu akatazama saa. "Nina kipindi." Akakwapua suruali akatoka, na ile mikanda miwili ameitia mfukoni.

Walicheka mpaka adhuhuri, hata sindano zikawa hazitungiki uzi. Vidole alicheka kuliko wote.

Lakini mama mzazi wa Vidole na kaka yake yu hai. Mpaka leo akimwona binti yake anahesabu kitu, humpokonya: "Acha, mwanangu, atahesabu kaka yako." Kaka anadaiwa sentensi moja, aitamke kwa kinywa chake, mbele ya mama, masikio yake yangali yanasikia: zile hesabu alizifanya dada.