Mwalimu Mkuu Alikuwa Watu Wawili

Nilipotoka chuo kikuu, mapema miaka ya themanini, nilipata kazi ya majaribio katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, karibu na mtaa wa Mowlem. Kamati ya shule iliniambia kwamba mwisho wa muhula mwalimu mkuu ataamua kama nitaajiriwa au nitaendelea kulala kwenye kochi la dada yangu. Haikuniambia kwamba mwalimu mkuu ni watu wawili.

Walikuwa akina mama waliokaa nyumba za kupakana, kila mmoja na mtoto mchanga. Wa kwanza, mzaliwa wa Machakos, aliongoza shule asubuhi huku jirani yake akilea watoto wote wawili. Saa saba huyo jirani, mke wa karani wa reli kutoka Kakamega, alifika langoni na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Alikabidhi watoto, akapokea ufunguo wa ofisi, na shule ikawa yake mpaka jioni. Wazazi walishazoea. Mimi nilishindwa.

Wa asubuhi alipenda darasa kimya. Wa mchana aliamini darasa likinyamaza limelala. Mtu mwingine angefundisha tu. Mimi niliwaza mpaka chai ikanipoa mkononi: nikimpendeza mmoja, nimemuudhi nusu ya mkubwa wangu. Nikaamua kuwa walimu wawili. Asubuhi nilivaa tai na kufundisha hesabu kwa kunong'ona. Saa saba nilivua tai nyuma ya choo, nikakunja mikono ya shati, nikarudi darasani nikiimba jedwali la saba na kupiga dawati.

Siku moja saa saba ikapita nikasahau kuvua tai. Msichana wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, yule wa mchana haji leo?"

Mwisho wa muhula waliniita ofisini wote wawili, saa ile ile ya kupokezana. Sikujua niingie kama nani. Nikaingia na tai imelegea nusu.

"Kijana mpole sana," akaanza wa asubuhi. "Mimi hata sauti yake siijui."

"Nani, huyu?" akadakia wa mchana. "Dada, huyu kelele zake zinafika barabarani!"

"Ngoja. Yule anayeimba nikiwa nyumbani naanika nepi ni huyu? Nilifikiri umeleta mhubiri!"

Wakanigeukia. Mtoto mmoja akaanza kulia, nikamwonea wivu.

"Sasa mwalimu," akasema wa asubuhi, "nafasi ni moja. Tuajiri yupi?"

Nilitafuta jibu la kuwapendeza wote. Nikatafuta la kumuudhi mmoja kidogo tu. Yote yakanikimbia, nikabaki na lililokuwa kweli.

"Mama, mimi nawaogopa nyote wawili."

Wakatazamana. Wa mchana akacheka mpaka akashika meza, na wa asubuhi akalazimika kunipa mtoto nimshike ili acheke vizuri.

"Huyu ndiye afadhali," akasema.

"Afadhali kabisa," mwenzake akaitikia, akifuta machozi. "Lakini huyu hatujamwona darasani hata siku moja. Aanze majaribio upya muhula ujao."

Nikashukuru kwa moyo wote. Nilipofika langoni nikaanza kujiuliza huyo mtu wa tatu hufundisha vipi.