Jicho la Kutilia Uzi

Kwa mara ya saba uzi ulipita kando ya tundu la sindano, na fundi cherehani akasonya. Utu uzima ulikuwa umemnyima kuona vya karibu, miwani nayo ilimteleza puani, ndipo daktari akampa lenzi za kuvaa machoni: jicho la kushoto lione karibu, la kulia lione mbali.

"Daktari gani huyu? Kaniongezea upofu!"

"Mama," binti yake akasema huku akipiga pasi, "mbona umefumba la kushoto? Hilo ndilo la karibu."

"Miaka thelathini natia uzi nimefumba la kushoto!"

"Basi leo fumba la kulia."

Akajaribu. Macho yakajifumba yote mawili.

"Haya, ona sasa!" akafoka, sindano mkononi.