Maji ya Kuamsha Mbegu

Kila nikimwagia mbegu maji ya moto ili ganda lilainike, ule mvuke unanirudishia mlio wa panga. Mama alikuwa akiotesha migunga ya Australia kwenye mikebe ya maziwa. Adeer, kaka yake baba, alipoona vijani vyake akadhani ni mathenge, ule mti uliomaliza meno ya mbuzi wake.

"Unalea shetani hapa!" akafoka, akifyeka mche baada ya mche.

"Wallahi si mathenge!" Mama akaapa.

Hakusikia. Mama akanyakua sufuria ya mbegu, maji bado yanatokota, akammwagia yote miguuni. Adeer akaanguka, akalia kama ngamia anayechinjwa.

Ngozi yake ilibaki pale mchangani. Siku kumi baadaye, mahali palepale, mbegu zikachipua. Mama akanipa kikombe. "Miche hii uimwagie maji ya baridi."